Mashine za Umeme za Kunyolea Mifugo: Chama Kichague Ipi, na Je, Kinaihitaji?

Siku hizi si ajabu kwa katibu wa chama cha msingi kufikiwa na mchuuzi wa zana za mifugo aliyebeba mashine ya umeme ya kunyolea kondoo na ng'ombe. Mashine yenyewe hupendeza macho. Imewekwa ndani ya sanduku lenye mpini, rangi yake inang'aa, na mchuuzi akiiwasha mbele ya wajumbe huvuma kama nyuki. Husemwa kwamba hunyoa kondoo kwa dakika chache, husafisha ng'ombe wa maziwa, huondoa kupe na huongeza bei ya mnyama mnadani. Baadhi ya maneno hayo ni kweli, baadhi ni nusu ya ukweli, na baadhi si kweli hata kidogo. Maadamu fedha itakayolipwa ni ya wanachama, ni wajibu wa katibu na wajumbe wa bodi kuyapambanua kabla ya kutia sahihi hati ya malipo.

Makala hii inakusudia kueleza kazi ya mashine hizo, aina zake, namna ya kuzipima kabla ya kununua, na hesabu ambayo kila chama kinapaswa kuifanya.

Nchi yetu ya Unyanyembe inajua tangu zamani maana ya chombo cha kubebeka. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Mizigo ile ilichukuliwa mabegani na vichwani mwa watu, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika njia nzima. Mtumba mmoja ulikuwa na uzito wa ratli 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi, na siku ya kugawa mizigo mpagazi hakuridhika na maneno ya mwenye mali. Aliunyanyua kwanza mtumba wake, akaupima kwa bega lake, kwa kuwa yeye ndiye atakayekwenda nao. Desturi hiyo yafaa tuirithi katika ununuzi wa zana.

1. KWANZA TUWATAZAME WANYAMA WETU

Mashine ya kunyolea kondoo ilibuniwa kwa ajili ya kondoo wa sufu. Mtu aliyeifanya ijulikane ni Frederick Wolseley, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa mfugaji nchini Australia. Mwaka 1888, katika shamba la Dunlop lililo kando ya mto Darling katika jimbo la New South Wales, kondoo wote wa msimu ule walinyolewa kwa mashine zake. Kijana mmoja aliyeitwa Herbert Austin, ambaye baadaye alijulikana kwa kutengeneza magari huko Uingereza, aliwahi kufanya kazi katika kampuni hiyo hiyo ya mashine za kunyolea. Sufu ndiyo iliyolipa gharama ya mashine hizo, kwa sababu kila kondoo alitoa mzigo wa kuuza kila mwaka.

Kondoo wetu hawako hivyo. Kondoo wa asili wanaofugwa Nzega, Igunga, Uyui, Urambo na Sikonge ni kondoo wa manyoya mafupi na mkia wa mafuta. Hawana sufu ya kukatwa wala ya kuuzwa. Kondoo wa sufu, kama vile Merino na Corriedale, walifugwa zaidi katika nyanda za juu zenye baridi, mathalani Molo nchini Kenya, na si katika joto la pori la miombo.

Wako wanachama wanaonunua madume ya Dorper ili kuongeza nyama. Kondoo huyo alizalishwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Blackhead Persian. Chotara wake huweza kuwa na mabaka ya sufu mgongoni, lakini aghalabu sufu hiyo hupukutika yenyewe. Kwa kondoo wa namna hiyo, mkasi wa mkono wa kukatia manyoya unatosha kabisa. Kazi kubwa itakuwa kusafisha sehemu za chini ya mkia zilizoshika kinyesi, ili nzi wasitage mayai hapo na kuleta funza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: chama cha msingi katika Mkoa wa Tabora hakina sababu ya kununua mashine ya sufu ya kondoo. Mchuuzi akianza na habari za kondoo, katibu na aulize: sufu hiyo iko wapi?

Ng'ombe nao wana habari yao. Zebu wetu wa pembe fupi ana manyoya mafupi yaliyolala, nayo humfaa katika jua kali. Kumnyoa mwili mzima si kumtunza, bali ni kumwondolea kinga yake. Jua la Septemba na Oktoba litampiga ngozini, na usiku wa baridi wa Juni na Julai utamtesa. Ng'ombe chotara wa maziwa mwenye mabaka meupe huathirika zaidi, kwa maana ngozi iliyo chini ya manyoya meupe huungua upesi.

2. KAZI ZINAZOIFAA MASHINE

Je, mashine haina kazi kwetu? Inayo, lakini kazi zenyewe ni chache na zinajulikana.

Kazi ya kwanza ni usafi wa maziwa. Ng'ombe chotara wa Friesian au Ayrshire huota manyoya marefu katika kiwele, sehemu za ndani za mapaja na ncha ya mkia. Wakati wa masika matope na kinyesi hugandamana katika manyoya hayo, kisha wakati wa kukamua hudondokea ndooni. Kiwele kilichonyolewa huoshwa upesi, hukauka upesi, na kidonda cha chuchu huonekana mapema. Kwa chama kinachokusanya maziwa ya wanachama katika chombo kimoja, faida hii ni ya wote, maana ndoo moja chafu huharibu maziwa ya watu ishirini.

Kazi ya pili ni matibabu na uchunguzi. Daktari wa mifugo anapotaka kushona jeraha au kufanya upasuaji, hunyoa kwanza mahali hapo. Vivyo hivyo katika kipimo cha kifua kikuu cha ng'ombe. Sehemu ya shingo hunyolewa, unene wa ngozi hupimwa, dawa ya kipimo hudungwa ndani ya ngozi, kisha unene hupimwa tena baada ya saa 72. Pasipo kunyoa vizuri, mahali pa sindano hupotea na kipimo huwa cha kubahatisha.

Kazi ya tatu ni maonyesho. Mwanachama anayepeleka mtamba wake kwenye maonyesho ya Nane Nane hupenda aonekane nadhifu. Hii ni kazi halali, lakini haitoshi peke yake kuwa sababu ya chama kununua mashine.

Sasa tuseme wazi mintarafu ya kupe. Kunyoa hakuui kupe. Ni kweli kwamba manyoya yakipunguzwa masikioni na chini ya mkia, kupe huonekana kwa urahisi na dawa huwafikia vizuri zaidi. Lakini ndigana kali huenezwa na kupe wa kahawia ambaye hujificha ndani ya sikio, na kinga yake ni kuogesha kwa ratiba, kwa josho au kwa bomba la kunyunyizia, pamoja na chanjo mahali inapopatikana. Chama chenye josho bovu kinachonunua mashine ya kunyolea kimeanza na lisilo la kwanza. Josho litengenezwe, dawa ichanganywe kwa kipimo sahihi, ndipo mambo mengine yafikiriwe.

3. AINA MBILI ZISIZOFANANA

Mashine hizi kwa nje hufanana, hata mtu asiyezoea akadhani ni kitu kimoja. Tofauti yake iko kichwani, mahali penye visu.

Aina ya kwanza ni ile ya sufu. Ina kitana cha chini chenye meno marefu yaliyoachana, aghalabu 9 hadi 13, na juu yake kuna kisu kidogo chenye ncha tatu au nne kinachokwenda huku na huku. Meno hayo marefu yamekusudiwa kuingia ndani ya sufu nzito. Yakipitishwa juu ya ngozi laini ya kiwele, hukamata mkunjo wa ngozi na kuukata. Mashine ya namna hii isitumiwe kwenye kiwele.

Aina ya pili ni ile ya ng'ombe na farasi. Ina visu viwili bapa vyenye meno mengi mafupi yaliyokaribiana. Kimoja kimetulia, kingine huteleza juu yake. Huacha manyoya mafupi ya milimita chache juu ya ngozi. Hii ndiyo inayofaa kwa kazi zilizotajwa hapo juu.

Baadhi ya watengenezaji huuza mwili mmoja wa mashine wenye vichwa viwili vya kubadilishana. Chama kisilipie kichwa cha sufu ambacho hakitatumika. Na kabla ya kupokea mzigo, katibu afungue sanduku na kuhakikisha kwamba visu vilivyomo ni bapa, wala si vitana vya sufu.

4. NGUVU YA KUENDESHEA

Zizi haliko karibu na soketi. Kwa hiyo swali la umeme ni zito kuliko linavyoonekana dukani. Ziko njia tatu.

(a) Umeme wa gridi au jenereta. Mashine iandikwe volti 220 hadi 240 na hezi 50, kwa kuwa umeme wetu ni volti 230. Mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani huandikwa volti 120, nazo zikichomekwa hapa huungua mara moja. Waya wa kuongezea uwe mnene wa kutosha, usiopungua milimita za mraba 1.5, na kama umezungushwa kwenye gurudumu lake ukunjuliwe wote kabla ya kazi, kwa sababu waya uliojiviringa hupata moto.

Hatari kubwa ni maji na umeme kukutana. Ng'ombe hudhurika na umeme upesi kuliko binadamu, kwani husimama kwa miguu minne juu ya ardhi yenye unyevu. Kwa hiyo laini inayotumika sharti iwe na swichi ya usalama inayokata yenyewe umeme unapovuja. Mahali isipokuwapo swichi hiyo, mashine ya waya isitumike.

(b) Betri ya gari ya volti 12. Ziko mashine zinazoungwa moja kwa moja na betri hiyo. Hizi hazina hatari ya volti kubwa, na betri yaweza kuchajiwa kwa sola. Hesabu yake ni rahisi. Wati ni volti mara ampea. Mashine ya wati 180 hutumia ampea 15. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 60 ina wati-saa 720, lakini betri ya maji isitumiwe zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Nusu yake ni wati-saa 360, yaani saa mbili za kazi. Ikiwa mashine ni ya volti 230 inayoendeshwa kwa inveta, sehemu ya nguvu hupotea njiani, na inveta lazima iwe kubwa kuliko wati za mashine, kwa kuwa mota hudai nguvu zaidi wakati wa kuanza.

(c) Betri iliyo ndani ya mpini wa mashine. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote kubeba kutoka boma hadi boma, na haina waya wa kukanyagwa na mnyama. Udhaifu wake ni kwamba betri huchoka baada ya miaka michache, na betri ya mashine moja haiingii katika nyingine. Katibu aulize kabla ya kununua: betri ya akiba inapatikana wapi, kwa bei gani, na inachukua muda gani kujaa? Mashine yenye betri mbili, moja kazini na nyingine kwenye chaji, yafaa zaidi kuliko yenye betri moja hata kama ni kubwa.

Kwa vyama vyetu vingi, ambavyo wanachama wake wamesambaa, njia ya (b) na ya (c) ndizo za kufikiriwa kwanza.

5. KUPIMA MASHINE KABLA YA KUNUNUA

Mashine isinunuliwe kwa picha. Bodi idai ionyeshwe ikifanya kazi juu ya ng'ombe halisi, zizini, na mtu atakayeitumia awepo. Mambo ya kutazamwa ni haya:

Uzito. Nyingi huwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu. Hilo huonekana dogo dukani, lakini atakayeitumia aishike kwa mkono ulionyooka kwa dakika kumi, ndipo aseme. Mpini mnene kupita kiasi humchosha mtu mwenye kiganja kidogo, na wanyoaji wengi katika ufugaji wa nyumbani ni akina mama.

Kelele na mtetemo. Ng'ombe asiyezoea huruka akisikia mvumo. Mashine tulivu hupunguza mateke. Mnyama azoezwe kwanza kwa kuiwasha mbali naye, kisha karibu, kisha mgongo wa mashine uguse bega lake kabla ya kisu kufika kiwele.

Joto. Iendeshwe robo saa mfululizo, kisha ubavu wa kisu uguswe kwa mgongo wa mkono baada ya kuzimwa. Kisu kisichovumilika mkononi kitaunguza chuchu.

Vumbi. Tundu la hewa liwe na kichujio kinachofunguka kwa mkono na kuoshwa. Kwa vumbi la kiangazi chetu, mashine isiyo na kichujio haitafika mbali.

Skrubu ya kukazia visu. Iwe rahisi kuzungushwa kwa vidole. Ikilegea mno, manyoya hunaswa katikati ya visu. Ikikazwa mno, visu hupata moto, huchakaa, na mota hulemewa.

Vipuri. Muuzaji aandike kwa maandishi kwamba anavyo visu, brashi za makaa za mota, swichi na kichujio. Ahadi ya mdomo haiingii katika faili la chama. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 imetuunganisha na Dar es Salaam, lakini mwanachama wa Goweko au Usoke hawezi kumwacha ng'ombe wake akingoja kisu kitoke pwani.

6. VISU NDIVYO MASHINE

Fundi yeyote atakuambia kwamba mota hudumu miaka mingi, bali visu huliwa na kazi. Mashine nyingi zinazolala stoo haziko pale kwa kuharibika mota. Ziko pale kwa sababu visu viliisha makali na hakuna aliyejua kuvinoa.

Visu bapa vinapaswa kunolewa juu ya sahani maalumu iliyo sawasawa kabisa, na viwili vinolewe pamoja kama jozi moja. Jiwe la kunolea panga, tupa, au gurudumu la mnoaji wa mtaani huondoa ule usawa, na baada ya hapo visu havikutani tena. Hukwaruza badala ya kukata. Kwa hiyo kabla ya kununua, chama kijue ni nani atakayenoa na wapi. Kama jibu halipo, chama kiwe tayari kununua visu vipya kila mara, na gharama hiyo iingizwe katika hesabu.

Makali huhifadhiwa kwa mambo matatu. Kwanza, mnyama aoshwe siku moja kabla na aachwe akauke, maana mchanga ulio katika manyoya huua kisu kwa dakika chache. Pili, visu vitiwe mafuta mepesi kila baada ya dakika 10 hadi 15. Mafuta ya cherehani yanafaa yasipopatikana ya mashine yenyewe, lakini oili ya gari ni nzito mno. Tatu, baada ya kazi visu vifunguliwe, vipigwe brashi, vifutwe, vipakwe mafuta na kufungwa katika kitambaa kikavu.

Yafaa ieleweke pia kwamba mashine ya shirika hutembea kutoka zizi hadi zizi, na ugonjwa huweza kutembea nayo. Choa huenezwa kwa manyoya yaliyobaki kwenye visu. Majipu ya tezi za kondoo hupita katika michubuko ya ngozi. Kwa hiyo kati ya boma moja na jingine visu vifunguliwe, visafishwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu ambayo afisa mifugo ameiidhinisha, na mikono na mavazi ya mnyoaji yasafishwe pia. Mnyama mwenye mapele, vidonda au uvimbe wa tezi asinyolewe mpaka afisa mifugo amwone.

7. HESABU YA CHAMA

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Katibu aweke mahali pake bei halisi alizoletewa.

Mashine yenye bei ya Sh. 900,000 ikidumu miaka mitano, kila mwaka hubeba Sh. 180,000. Jozi mbili za visu kwa mwaka, kila moja Sh. 80,000, ni Sh. 160,000. Kunoa mara sita kwa Sh. 10,000 ni Sh. 60,000. Mafuta, dawa na matengenezo madogo ni Sh. 40,000. Jumla ni Sh. 440,000 kwa mwaka, na ujira wa mnyoaji haumo.

Chama chenye ng'ombe wa maziwa 55, kila mmoja akinyolewa kiwele mara nne kwa mwaka, kitafanya kazi 220. Gharama ya kila moja ni Sh. 2,000. Chama chenye ng'ombe 11 kitafanya kazi 44, na gharama ya kila moja ni Sh. 10,000. Mashine ni ile ile, bei ni ile ile, lakini kwa chama cha kwanza ni chombo cha kazi, na kwa chama cha pili ni mzigo.

Chama cha pili kisikate tamaa. Kinazo njia mbili njema. Ya kwanza ni kununua mikasi mizuri ya mkono, iliyopinda ncha ili isichome ngozi. Mtu mmoja mwenye mkono mtulivu huweza kusafisha kiwele kwa mkasi, bila umeme wala betri. Ya pili ni vyama vitatu au vinne vya jirani kushirikiana katika mashine moja, kwa mkataba wa maandishi unaosema inakaa wapi, nani anaitunza, na kila chama kinachangia kiasi gani kwa visu. Kushirikiana pasipo maandishi huishia kwa kila chama kudhani kwamba mwenzake ndiye aliyetia mafuta.

8. UAMUZI NI WA WANACHAMA

Baada ya hesabu hiyo, jambo lipelekwe mkutanoni. Yaelezwe mahitaji, idadi ya ng'ombe, bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, na gharama ya kila mwaka. Kama ununuzi utakuwa wa mkopo, uangaliwe ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kuidhinishwa na Mrajis kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Mashine ikinunuliwa, iandikwe siku ile ile katika daftari la mali pamoja na namba yake, jina la mtunzaji, na tarehe ya mwisho wa dhamana ya muuzaji.

Kiwepo pia kitabu kidogo kinachokwenda na mashine. Kila atakayeitumia aandike tarehe, jina la mwenye ng'ombe, idadi iliyonyolewa, fedha iliyopokelewa na namba ya risiti, na hali ya visu wakati wa kurudisha. Wachaguliwe watu wawili wa kufundishwa kuitumia, mmoja akiugua mwingine awepo. Mashine inayotumiwa na kila mtu haina mwenyewe, na chombo kisicho na mwenyewe hakidumu.

Mwisho wa mwaka kitabu hicho kisomwe mbele ya mkutano mkuu. Kikionyesha kwamba kazi zilizofanyika ni chache kuliko zilizotarajiwa, wanachama waamue mapema kuikodisha kwa chama jirani au kuiuza ingali na thamani. Hakuna aibu katika kuuza chombo kisichotumika. Aibu ni kukiacha kikiliwa na kutu stoo huku kikionekana katika mizania kuwa mali.

Ndugu Makatibu, mkutano wa bodi unaofuata uanze kwa kuhesabu ng'ombe wa maziwa wa wanachama, boma kwa boma, kabla bei yoyote haijatajwa. Idadi hiyo mkiipata, mtajua kama chama chenu kinahitaji mashine, mashine ya shirika na majirani, au mikasi miwili mizuri. Na mchuuzi akija na sanduku lake, mumkaribishe kwa heshima, mumpe kiti na maji ya kunywa, kisha mumwombe aelekee nanyi zizini.